Mmbea wa Gotini

Jumatatu mtu wa posta alikuleta
ndani ya boksi jepesi kama mkate wa juzi,
na karatasi ya maelezo yenye herufi ndogo kama chawa.
Ukanda mweusi, kitaa cha kijani kinachopepesa.
Kazi yako: kulikalia goti langu la kulia
na kupeleka habari Inverness.
Miaka sabini na minane nimeishi kisiwa hiki cha Lewis,
wambea wake nawajua kwa majina na kwa koo zao,
ila hakuna aliyewahi kunikaa
karibu na ngozi namna hii.

Saa nne Zuzanna anatokea kwenye kioo,
uso wake umeegemea birika la chai.
Kunja, ananiambia. Kunjua. Shikilia hapo. Tano, sita.
Nikifika pembe inayotakiwa unalia mlio mwembamba.
Nisipofika, unanyamaza,
na kimya chako nakijua:
kimya cha mama mkwe aliyeonja supu.

Kisha swali. Sifuri mpaka kumi, Dolina,
maumivu ya leo ni ngapi?
Ngapi? Kwetu maumivu hayatiwi bei.
Torcuil wangu alivunjika mbavu tatu siku ya kuogesha kondoo,
akasema naona hali ya hewa imebadilika.
Mama alisema goti linaongea, basi,
akaenda kuchimba mboji ya kuwashia moto.
Nikajibu nne.
Nne ni namba ya adabu. Haiombi, haijisifu.

Jumapili nilikuvua.
Hapa Jumapili hata nguo hazianikwi kambani,
jogoo tu ndiye mwenye ruhusa.
Nikakulaza drooni pamoja na miwani ya marehemu.
Kesho yake ukanionyesha duara tupu la kijivu:
Hukufanya mazoezi. Usikate tamaa!
Mimi, kukata tamaa!
Nilikuwa kanisani, nimesimama sala nzima,
dakika kumi na saba kwa saa ya ukutani,
goti likiwaka kama jiko,
na hakuna aliyenihesabia.

Lakini ya Alhamisi ndiyo iliyoniumbua.
Zuzanna anasoma, hasemi. Anavua miwani.
Dolina, jana usiku, kati ya saa tatu na saa sita,
goti lako limekunjwa mara elfu nne na mia mbili.
Nilikuandikia thelathini.
Nikatazama birika. Nikatazama dirisha, mvua ikilipiga ubavuni.
Mmbea we! Nilikusahau mguuni.

Basi nikaubeba uso wake mpaka bandani,
nikamwonyesha kitanda cha mfumi,
chuma cha baba, vikanyagio viwili vilivyolika kati kama sabuni,
mtande wa rangi ya nyasi kavu, mshindio wa buluu,
na mita sita zilizobaki
za kitambaa nilichomwahidi mjukuu, Seonaid.
Nikamwambia: daktari alinikataza, mwaka juzi.
Nikaacha. Mchana.

Nilingoja anigombeze.
Akasema: kanyaga. Polepole. Nione.
Nikakaa, kitanda kikaanza ngurumo yake,
nawe ukalia, ukalia, kila mkanyago.
Pembe ile niliyoikosa jikoni wiki tatu
mguu uliipita wenyewe, bila kubisha hodi.
Na maumivu? akauliza.
Mdomo ulijipanga kusema nne,
ukasema saba.
Usiku, tisa.
Neno hilo halijawahi kutoka katika nyumba hii.

Hakusema pole. Aliandika.
Nusu saa tu, akasema, kisha barafu, kisha ulale,
na hicho kiti kiinue kwa upana wa vidole vitatu.

Nimekiinua, kwa kitabu cha simu cha mwaka tisini na moja,
nusu ya watu wake wako makaburini.
Goti linauma bado. Nisidanganye,
litauma mpaka siku watakayonibeba.
Ila jioni, nusu saa ikitimia, unatetema mara moja,
na mimi, ambaye sikuwahi kuacha kazi kwa amri ya mtu,
nashusha miguu,
nafunika uzi kwa gunia,
nakugonga kwa kidole:
haya, kawaambie.