Hodi ya Kutoka

Ghala hili lilikuwa la kahawa. Ukibanwa kifudifudi,
pua kwenye turubai, bado unaisikia
buni ya miaka ile, chini ya jasho letu na dettoli.

Ndala nje. Hata uwe diwani.
Mkeka haukanyagwi na kiatu kilichotoka sokoni Mbuyuni.
Pete vua. Kucha kata, na za miguuni pia;
Mwalimu Aikaeli huzikagua kama mtu anayechambua mchele.
Mwenye mapunye akae benchi, atuhesabie.
Tutamsalimia kwa mbali, na hatutamsema.

Kisha inama. Si kwa mwalimu, si kwa picha ya ukutani
(hakuna picha; kuna kalenda ya duka la pembejeo, ya mwaka juzi).
Unamwinamia mtu atakayekukopesha shingo yake.

Kukopesha. Neno lilikuwa hilo.
Nililisikia siku ya kwanza nikaliacha linipite.
Mbeba tofali wa Pasua, bega langu
lilikuwa na jibu la kila swali.

*

Ndeshukurwa, tukimwita Ndeshi, mwanafunzi wa unesi,
kilo hamsini na mbili pamoja na kimono kilicholoa.
Alinibwaga mara mbili. Watoto wa safu ya nyuma wakacheka.
Mara ya tatu niliupata mkono wake,
nikaulaza juu ya paja langu, nikaunyoosha,

akagonga.

Pa, pa. Kiganja juu ya turubai.

Kwetu mtu hugonga ili aingie,
akangoja aambiwe karibu.
Hii ni hodi ya kutoka. Mwenye nyumba ni wewe,
mlango ni kiwiko cha mwenzio,
na huna muda wa kuuliza ni nani.

Walidhani sikusikia. Mwalimu mwenyewe alinitetea hivyo.
Nilisikia.
Nilitaka tu wale watoto waone.

Mlio haukuwa mkubwa. Kama muwa mbichi
unapovunjwa gotini.

*

Hakunifukuza. Ningeshukuru angenifukuza.
Alinipa ndoo na ufagio, na sindano ya magunia.
Miezi minne nilipiga deki kabla hawajaja,
nikashona turubai palipoachia, kidole gumba cha mtu kisije kikanasa.
Niliujua mkeka kwa magoti:
hapa maranda yamehama, hapa pana bonde,
hapa. Hapa ndipo.

Na nilijifunza masikio. Ukiwa pembeni
unagundua watu wanagonga kwa namna nyingi:
kwa kisigino, mikono ikiwa imefungwa;
kwa "basi" isiyofika midomoni;
kwa pumzi inayobadilika tu.
Na yuko yule mwenye kiburi, hagongi kabisa.
Huyo inabidi umgongee wewe.

Nilipeleka ndizi kwao Kibosho, mkungu mzima, kwa miguu.
Mama yake aliupokea, akaniacha nimesimama.
Haki yake.

*

Alirudi Jumanne moja ya mvua, bati likipiga kelele
hata mwalimu akawa anafundisha kwa ishara.
Kiwiko hakinyooki chote; kimebakiza mkunjo mdogo,
kama mkono unaotaka kuuliza kitu.
Aliwapita vijana wote, akasimama mbele yangu.
Akainama.
Nikainama mpaka nikaona kucha zangu za miguu. Fupi.

"Mkono ule ule," akasema. "Na usinichezee."

Nikaushika. Viganja vilivyobeba tofali miaka kumi na moja
vilitetemeka kama vya mtu aliyepewa kichanga cha jirani.
Nikaanza kukaza, kidogo, kidogo tena,
mvua yote ile juu yetu, na mimi
nikisikiliza ngozi yake.

Aligonga.
La pili lilinikuta nimeshaachia.

Akaukunja mkono, akaukunjua, akautazama
kama nesi anavyotazama mkono wa mgonjwa mwingine.

"Tena," akasema. "Umeachia mapema mno."