Kadi ya Njia Tatu

Miaka tisa nimechora viwanja vya watu
kwenye skrini moja iliyopasuka kona,
nikikuza, nikipunguza, nikikuza tena,
kama mtu anayechungulia sebule kwa tundu la ufunguo.
Ipuli nimeichora hivyo, na Kiloleni yote,
na nusu ya Cheyo kabla macho hayajaanza kutoa machozi.

Kisha shirika fulani likafunga ofisi
likaniuzia skrini tatu kwa bei ya moja,
pana kama meza za kupigia pasi,
kila moja pikseli milioni nane na ushei.
Nikaziita Kulwa, Doto na Shija.
Nikachomeka waya.
Kulwa akawaka.
Doto akawaka kwa kusitasita, na kipanya juu yake
kikayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Shija akaandika: hakuna ishara.

Dukani, Gharib akapangusa vumbi kwenye boksi
lenye picha ya joka linalotema moto.
"Hii, dada Nyamizi, inapiga gemu zote."
Milioni moja na laki nane!
Feni tatu, taa za rangi kama ukumbi wa harusi,
na umeme inakula kuliko friji la bucha.
"Gharib, mimi sikimbizani na mtu.
Mawe ya mipaka hayakimbii.
Geuza, nione mgongo wake."

Mihayo fundi alicheka niliposimulia.
Alikuwa ameshika koleo, redio ya mtu imefunuliwa mapajani.
"Umezaliwa Tabora, unauliza nini?
Gari moja linaingia kutoka Dar.
Hapa linakatwa: haya ya Kigoma,
haya ya Mwanza, haya ya Mpanda.
Stesheni haina mbio. Stesheni haiendi popote.
Kazi yake ni kwamba njia zisikosane.
Tafuta kadi ya namna hiyo."

Nikatafuta. Nikajifunza kuhesabu matundu
kabla ya kuuliza bei,
kuuliza kila tundu linabeba pikseli ngapi, mara ngapi kwa sekunde,
kuuliza wati, maana pawa saplai yangu ni ya kizee.
Laki mbili na themanini, ya mtumba,
imetoka kwenye kompyuta ya benki iliyohama jengo.
Nyembamba. Feni moja. Matundu manne madogo kama pua za panya.
Pesa ilikuwa zamu yangu ya mchezo,
iliyokuwa iwe mabati ya jikoni.
Mvua ikija itanikuta, nikasema, lakini itanikuta naona.

Kadi ikaja kwa treni, siku mbili nyuma ya ahadi,
imeviringishwa kitenge ndani ya boksi la sabuni.
Adapta ya kwanza ya Gharib ilikufa saa ileile.
Ya pili ikafa Jumatano.
Ya tatu, ghali, akanipa kwa mkopo bila kunitazama usoni,
na Shija,
Shija akafumbua jicho.

Wa kwanza kuketi mbele yake walikuwa ndugu wawili wa Uyui
wasiosalimiana tangu msiba wa baba yao.
Nikaitandaza picha ya shamba, skrini kwa skrini.
Mpaka wao, kwa bahati mbaya au nzuri,
ukaangukia kwenye ule ufito mweusi
kati ya Kulwa na Doto.
Mkubwa akaweka kidole juu ya plastiki.
"Hapa ndipo penye mninga
alipotundika baba mizinga. Umeufuta?"
"Hajafuta," akasema mdogo. "Umo humo katikati."

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa mwaka na nusu,
na yalihusu fremu.

Nikasogeza ramani vidole viwili kushoto.
Mninga ukatokea mzima, na kivuli chake,
hata njia nyembamba ya miguu inayouzunguka
kutoka pande zote mbili.
Hakuna aliyesema kitu.
Chini ya meza, feni moja ilikuwa ikizunguka taratibu.

Adapta bado sijailipia.