Mti Mpumbavu

Mbegu sita nilizitemea kiganjani,
jikoni kwangu, Asahikawa, mwezi wa pili,
theluji ikiwa imefika kwenye kitasa cha mlango wa nyuma.
Nne zilioza. Moja ilichungulia, ikajuta.
Hii ya sita ndiyo ninayoisimulia.

Nilikuwa nimetoka zamu. Naendesha tingatinga la kusukuma theluji
tangu saa saba usiku mpaka watoto waende shule,
na mikono hubaki inatetemeka
hata ikishika kikombe kitupu.
Mikono ya namna hiyo haifai kupanda kitu.
Nilipanda hivyo hivyo, ndani ya kopo la mtindi
nililolitoboa kwa bisibisi,
nikaliweka juu ya jokofu, penye vuguvugu,
nikalifunika kwa mfuko wa mkate.

Zawadi ya shangazi yangu, Tomeyo.
Kwao ni Kochi, kusini kabisa,
ambako yuzu huangukia mtaroni zikaozea humo
na hakuna anayeinama.
Akaolewa huku juu. Miaka sitini na minne
ya kununua moja moja, imevishwa wavu kama mgonjwa,
kwa ajili ya ule usiku mrefu kuliko zote,
aielezeshe kwenye maji ya moto,
aingie, ajifungie,
asijibu hata simu.

Muuza miche aliniuzia mbolea kwanza
ndipo akaniambia:
yuzu ya mbegu ni mti mpumbavu, bwana,
huzaa mwaka wa kumi na nane.

Themanini na tisa, jumlisha kumi na nane.
Hesabu hiyo niliifanyia ndani ya tingatinga,
taa ya manjano ikizunguka juu ya kichwa,
barabara haionekani.
Nikairudia, labda nimekosea.

Sikuutupa. Sijui kwa nini.
Niliusugua utitiri kwa mswaki na sabuni,
jani baada ya jani, juu na chini.
Majira ya baridi ya pili ulipukutika wote, ukawa fimbo;
nikaendelea kuimwagilia fimbo.
Ya tatu ukatoa miiba
mirefu kama sindano za kushonea magodoro,
na majani hamsini na mawili. Niliyahesabu.

Alipotimiza tisini na mbili nikampelekea.
Nje baridi ilikuwa kumi na nane chini ya sifuri.
Nilivua koti nikauvisha mti,
nikapanda ngazi zake na shati.

“Utazaa lini?”
“Karibuni.”
Akacheka mpaka meno ya bandia yakahama.
“Unamdanganya mtu wa Kochi?”

Kisha akachuma jani, akalifikicha,
akaliweka puani
na akanyamaza kwa muda ambao mimi
nilisoma kalenda yote iliyokuwa ukutani, pamoja na tangazo la duka la matairi.

Mezani palikuwa na konokono wa baharini
waliomshinda tangu asubuhi kwa kijiti cha meno.
Akavunja mwiba mmoja, tap!
akamchokoa wa kwanza, akatoka mzima na mkia wake.
“Wa kwetu huu,” akasema, “haupindi.”
Akanila— namaanisha akanilisha. Nilikuwa bado natetemeka.

Mwezi wa kumi na mbili, ule usiku mrefu,
alinipigia: njoo na mkasi.
Tulikata majani tisa, tukayafunga kwenye soksi safi,
soksi ikaelea bafuni kama bata asiye na kichwa.
Aliingia. Alikaa. Nilibisha mara mbili,
mara zote akajibu kwa kupiga maji.

Halafu akaniamuru niingie mimi, maji yasiharibike.
Saa saba nikapanda tingatinga.
Theluji ilikuwa inashuka bila adabu, upande upande,
na humo ndani, kwenye kola, kwenye kofia, kwenye hiyo mikono yangu,
nilikuwa nanuka Kochi,
mahali ambapo sijawahi kufika.