Kengele Ndogo

Kanuni yao ni hii: siku ya tatu bila chakula
ndipo kengele ndogo ipigwe. Si kabla.
Ile kubwa ni ya Mungu, hii ni ya tumbo,
na pale Villarzal hakuna aliyekuwa ameisikia
tangu babu yangu alipokuwa mvaa kaptula.

Mimi hupeleka mkate Jumanne na Alhamisi,
gari jeupe, honi mbili kila kona.
Zamani nilisimama kona tisa. Siku hizo, mbili.
Shule imefungwa, kinyozi kazikwa,
na korongo juu ya mnara ni wengi
kuliko waliobatizwa chini yake miaka kumi hii.

Watawa wamebaki wanne.
Tanuri lao la biskuti za lozi lilipasuka Novemba.
Waliandika mkoani kuomba msaada;
mkoa ukajibu kwa upole: fomu ijazwe mtandaoni,
sahihi iwe ya kielektroniki.
Sista Eskolastika ana miaka themanini na saba.
Sahihi yake inatetemeka hata kwa wino.

Basi Alhamisi ile, theluji ikigeuka matope,
nikasikia kijisauti, kama kijiko kwenye kikombe cha bati,
nikadhani ni kondoo wa mtu kapotea.
Bi Fuencisla ndiye aliyejua.
Alitoka na aproni yake, unga hadi viwikoni:
"Mungu atusamehe. Wana njaa,
na sisi tulikuwa tukisikiliza redio."

Yeye alileta mayai kumi na moja;
la kumi na mbili lilimponyoka mlangoni.
Yordan, mchungaji wa kondoo kutoka Bulgaria,
alileta paja ndani ya gazeti,
akajipiga ishara ya msalaba kinyume chetu,
bega la kulia kwanza,
na hakuna aliyemsahihisha.
Mimi, nisiyeingia kanisani ila nyuma ya jeneza,
nilishika mikate mitano,
nikaona haya kwa idadi yake,
nikaongeza wa sita.

Ukutani kuna pipa la mbao lizungukalo:
unaweka, unasukuma, humwoni anayepokea.
"Salamu Maria uliye safi," mbao ikasema.
Sikukumbuka jibu.
Nikasema, "Mikate. Ya leo."

Kimya. Kikohozi. Kisha pipa likalia,
likanirudia na bahasha ya biskuti,
za Novemba, za mwisho, zimeungua upande mmoja.
Mkono mtupu haulambwi, tunajua sote;
kumbe siku tatu walizitazama bila kuzigusa
ili atakayekuja asiondoke hivi hivi.

Garini nina daftari la madeni.
Nikaandika: mikate sita, tarehe.
Penye jina nikakwama.
Nani anamdai nani?

Biskuti moja bado iko karibu na usukani,
ngumu kama kokoto. Siili. Siitupi.
Na siku hizi napiga honi kona tatu.
Ya tatu hainunui kitu.