Mhesabu Nywele

Kazi yangu, miaka kumi na mmoja mjini Daegu,
ilikuwa kuhesabu nywele za watu nisiowaona.
Ililetwa picha ya utosi, duara la upana wa kitufe cha koti,
katikati nukta ya wino iliyochanjwa
ili mwezi wa sita nisije nikahesabu shamba la jirani.
Unywele mnene nahesabu.
Malaika, yale yanayoonekana ukiyatamani tu,
siyahesabu.
Sikujua nani kapakwa dawa,
nani kapakwa maji na spiriti.
Kutojua ndiko kulikokuwa mshahara wangu wa pili.

Gyu-cheol, mdogo wangu, alikuja siku ya kumbukumbu ya mama,
kofia kichwani hadi dakika ya kusujudu.
Kati ya mapeasi na samaki mkavu
akasimamisha chupa ya bluu.
"Soma, dada. Asilimia tisini na moja."

Ya wangapi?
Chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
ishirini na watatu.
Wamelinganishwa na nani?
Na wao wenyewe, wa juzi.
Walihesabiwa?
"Waliulizwa kama wameridhika."
Na nani?
Akachuna ngozi ya peasi, polepole, bila kuikata.

Nikamwonyesha picha zao. Kabla:
kichwa kimelowa, taa juu kabisa, mtu kanuna kama kaitwa mahakamani.
Baada: nywele kavu, zimechanwa kuja mbele,
taa imeshuka, mtu anacheka.
Hata mimi ningeota nywele
nikipigwa picha na anayenipenda.

"Na panya? Waliota manyoya siku ya ishirini na moja!"
Panya yule alinyolewa, Gyu-cheol.
Manyoya yake yalikuwa njiani kurudi nyumbani.

Kipya kinyemi, nikaanza,
naye akanimalizia: "ingawa kidonda. Najua.
Lakini akili nazo ni nywele, kila mtu ana zake.
Sasa mimi nimebaki na nini?"
Mama alitutazama kutoka kwenye fremu,
kifundo chake cha nywele kizito kama ngumi.

Nikamkumbuka namba 0417.
Wiki ya kumi na mbili kaongeza nywele tano,
ya ishirini na nne, tisa.
Nilimshangilia peke yangu mbele ya kioo cha kompyuta,
nikala tambi za bei kwa ajili yake.
Bahasha zilipofunguliwa:
maji na spiriti.
Asubuhi na jioni, miezi sita, hakukosa hata siku moja.
Tangu hapo simcheki mtu mwenye chupa.

Basi nikaleta taa ya mezani, rula, kalamu isiyofutika.
Inama.
Nukta moja kulia, moja kushoto.
Nilinyoa viduara viwili nyuma ya sikio la upara,
hapo nywele zinapoanza kukata tamaa,
nikapiga picha, taa palepale, urefu uleule,
nikapima kwa uzi.
Paka upande mmoja tu, nikamwambia.
Mwingine uache.
Na mimi usiniambie ni upi.

Alikuja tena joto lilipoanza, chupa ya nne imekwisha,
mshahara nao umechoka.
Nikahesabu usiku, mara tatu, chai ikapoa.
Kushoto mia na nne.
Kulia mia na moja.

"Kwa hiyo?"
Mkono wangu wenyewe hukosea nywele nne.
"Kwa hiyo?"
Kwa hiyo sijui.

Alikaa kimya. Kisha akacheka, kicheko cha mama,
kinachoanzia puani,
akajipitisha kiganja utosini, kushoto, kulia,
kama mtu anayelaza mtoto.

Asubuhi nilikuta kofia yake msumarini.
Labda kasahau.
Hilo nalo
sikulihesabu.