Nyusi

Kichwa kwanza. Kikaushia nywele, dakika mbili,
shingo inalegea, nakizungusha, kinachomoka
kwa mlio mdogo wa kizibo.
Kiwiliwili nakilaza juu ya gazeti la juzi,
kurasa za mbio za farasi.
Kichwa kinabaki kiganjani, kinanitazama
kwa macho ya kupewa.

Dirisha wazi. Glovu. Asetoni kwenye kikombe
cha kauri, si cha plastiki:
kosa hilo nililifanya mara moja tu
na meza bado ina kovu la duara.

Huanzi na macho.
Unaanza na mashavu, wekundu ule wa bure,
pamba imelowa lakini haidondoki,
unapangusa kuelekea upande mmoja
na kila mpanguso pamba mpya,
la sivyo unampaka uchafu wake mwenyewe.
Tena upesi. Ukizubaa, vinaili inalainika,
inanata kama peremende iliyosahaulika mfukoni,
na alama ya kidole chako itakaa pale
miaka mingi kuliko wewe.

Uso umeumbwa na haya, husemwa.
Huu ulichapwa,
wino juu ya wino, mara nne,
sekunde kumi.
Nyeusi huondoka bila maneno.
Nyekundu ni mgeni asiyejua kuaga:
umemtoa mlangoni, umefunga,
kivuli chake cha waridi kingali kimekaa mdomoni.
Huko naingia na kijiti cha masikio,
pembe kwa pembe, nimebana pumzi.

Mama anatoka jikoni na beseni
la chipukizi za maharage, aje akate mikia.
Harufu inamsimamisha.

“Thina,” anasema. Ananusa tena.
“Siyo. Ile ilikuwa kali zaidi, ililala na sisi.”

Sikuwa nimemuuliza kitu.
Anakaa. Anakata mkia mmoja, wa pili.
Kwun Tong, ghorofa ya tisa, ana miaka kumi na saba,
wasichana arobaini, feni mbili,
moja ya msimamizi.
Mashavu yalipulizwa kupitia kinyago cha shaba,
midomo vilevile,
lakini nyusi zilikuwa za mkono,
brashi ya nywele tatu,
jozi mia kwa senti thelathini,
na moja ikipinda mia nzima inakatwa.
Usiku akifumba macho aliziona
zikipita kwenye mkanda, nyusi bila watu.

“Hizo ulizofuta,” anasema, “alizipaka mtu.”
“Siku hizi ni mashine, Mama. Ni muhuri.”
“Na mashine anailisha nani?”

Sina jibu. Nina pamba kumi na tisa
zilizokunjamana kama maua ya kaburini,
nyeusi, nyekundu, rangi ya ngozi isiyo ya yeyote.
Nakipeleka kichwa kwenye sinki,
maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani,
nasugua nyuma ya masikio.
Mwosha huoshwa, nawaza,
na mikono yangu inakuwa mipole ghafla
pasipo sababu ninayoweza kumweleza mtu.

Kikauke mpaka kesho jioni.
Ukiharakisha, rangi mpya haishiki,
au inashika wiki moja, halafu inabanduka
mikononi mwa aliyelipa.

Mama anakichukua. Anakigeuzia taa,
anapitisha ukucha kwenye mshono wa kalibu
kutoka sikio moja hadi jingine,
juu ya utosi, kama anayetafuta nyufa katika yai.
Namwonyesha brashi. Anatikisa kichwa:
mkono wa kulia unatetemeka tangu mwaka juzi,
na isitoshe, hafanyi tena kazi ya bure.

“Huyo wa Taipei anakulipa ngapi?”
Namwambia. Elfu mbili na mia nane.
Ananyamaza. Midomo yake inahesabu,
naiona ikipanda mamia, ikifika maelfu,
jozi laki tisa na ushei,
ujana wote na masaa ya ziada.

Anakirudisha kichwa kwenye kitambaa,
uso juu, hakuna uso.
Anavuta beseni karibu.

“Basi usizipinde.”