Pete

Saa nane mchana, Ibra. Jua limeyabana madirisha.
Tone la damu nimelitandaza kwenye kioo,
nimelikausha, nimelimwagia rangi,
nimezihesabu dakika kwa tasbihi ya mfukoni
maana saa ya ukutani imekufa tangu Shaabani
na fundi, kila siku, inshallah kesho.

Nikaiinamia darubini.

Kwanza uwanja wa chembe, waridi iliyopauka,
sahani za karamu kabla wageni hawajaketi.
Halafu pete.
Nyembamba, ya zambarau, na kito kimoja cheusi.
Nikasogeza kioo:
chembe moja, pete mbili,
zimekaa humo wala hazigombani.
Na kule pembeni, mwezi mwandamo,
mwembamba kama ule tunaobishania usiku wa Idi.
Huo ndio umbo linalomngoja mbu.

Hapa kwetu homa hii haina tena maskani.
Waliifuata falaji kwa falaji, birika kwa birika,
wakatia samaki wadogo visimani, wakaandika kila jina.
Ikionekana siku hizi ni mgeni,
na mgeni kaletwa na mtu, na mtu katoka safari.
Fomu inauliza:
siku thelathini zilizopita ulilala wapi?

Bwana Muhenna alijibu kwa Kiarabu, mkewe kando:
"Salalah. Nilikwenda kutazama manyunyu,
ukungu mlimani, ngamia kwenye nyasi."
Bi Zuwena akanimiminia kahawa, akanipa tende,
akasema, hata dafu moja la huko hakuniletea.

Salalah haina pete hizi.

Nikarudi na karatasi. Meno yake yaligongana
kama vikombe kwenye sinia la mtoto mwoga.
Nikamuuliza tena. Akasoma jina langu kifuani,
akaifungua Kiswahili
kama mtu afunguaye chumba cha uani:
"Mwanangu, nisitiri. Nilikuwa Chake.
Pana nyumba Wawi. Pana mtoto, sasa anatembea."

Lugha hii mimi niliipata kwa bibi,
aliyekuja na sanduku moja na mbuzi ya nazi,
na kila usiku wa baridi akisema
mifupa yake ingali inaikumbuka homa ya Wete.
Lugha ya jikoni, ya kugombezwa, ya kubembelezwa.
Sikudhani iko siku nitachimbiwa ndani yake
shimo la kufukia siri ya mtu.

Nifanyeje? Kijidudu hakijui sitara.
Hakijui nikahi, hakijui mitala.
Kilipita uwanja wa ndege kimejilaza inini,
hakikugongwa muhuri, hakikufunguliwa begi,
na jioni moja mbu wa bustanini akimdonoa bwana huyu
kitahamia kwa jirani, kwa mjukuu wa jirani,
kwa yule kijana wa Sylhet anayemwagilia mitende yao,
asiyewahi kuulizwa amelala wapi.

Kalamu ikasimama juu ya kisanduku cha nchi.
"Baba," nikamwambia, "watakuja watu wa kupuliza dawa.
Nyumba yenu, na nyumba zote za mtaa.
Lazima niandike."
Akafumba macho. Blanketi lilitetemeka peke yake.

Mficha maradhi, wasema, kifo humuumbua.
Huyu kaumbuliwa na mbu.

Bi Zuwena akakifunga kifuniko cha chupa ya kahawa.
Hakututazama. Akasema, kwa Kiswahili
chenye kokoto za Ibra ndani yake,
Kiswahili cha kuokota nyuma ya mlango,
kwenye simu za usiku, miaka minne:

"Andika Pemba."

Kiyoyozi kikadondosha maji ndooni.
Nikaandika.

Kisha, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya:

"Na huyo mtoto, ana chandarua?"